Kikohozi Kwenye Kona ya Nyumba

Kijiji cha Tupendane,
S.L.P. Chala.
12 Juni 1975

Mume wangu Wilibrodi,

Mimi na mtoto hatujambo, ila baridi ya mwaka huu inauma. Ukungu unashuka alfajiri na hauondoki mpaka saa nne. Emerensiana ameanza kucheka. Anacheka na ukuta, anacheka na moshi, mimi mama yake ananitazama tu.

Nakuandikia kwa sababu ya baba yako. Uliniambia kwamba ulimpandisha kwenye lori kwa mkono wako, pale Chala, siku ile baada ya ubatizo, aende Wampembe kwa shangazi Margareth akapate joto la ziwani kwa ajili ya kifua chake. Sasa mbona amerudi? Na kama amerudi, mbona haingii?

Unajua jinsi baba anavyofika kwangu. Tangu unioe hajawahi kunikuta nimekaa ovyo. Akifika kwenye kona ya nyumba hukohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu, halafu hungoja nijifunge vizuri, nitoke, nipige magoti nimwamkie. Alikohoa hivyo hata zamani alipokuwa mzima. Ilikuwa ndiyo hodi yake. Basi Jumapili kulipoanza kupambazuka nikakisikia. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Nikajifunga khanga, nikatoka, nikasema, "Shikamoo baba, karibu." Hapakuwa na mtu. Ukungu tu, hata ghala la jirani silioni.

Jumanne tena. Na leo Alhamisi tena. Leo nilikuwa nimemwekea kibuyu cha maji kwenye jiwe la ukingoni mwa uwanja, pale konani. Nilipotoka nimekuta maji yamenywewa na kibuyu kimefunikwa kifudifudi, kama anavyofanya yeye ili mwingine asikitumie kabla hakijaoshwa. Kando yake palikuwa na ulezi, kiasi cha viganja viwili, umefungwa kwenye jani. Mbwa wa jirani yetu Dominika walikuwa wamekaa hapo hapo wakitikisa mkia.

Labda ana aibu ya watu. Tangu mwenyekiti atangaze mkutanoni kwamba mwenye kikohozi cha zaidi ya mwezi akae upande upepo unakoelekea, atembee na kikombe chake, asiingie nyumba yenye mtoto mchanga, watu hawana simile tena. Zamani mtu akikohoa unamwambia pole na kutazama pembeni. Siku ile kanisani baba alikohoa mara moja tu, Dominika akasimama akakung'uta kitenge chake mbele ya watu wote. Baba akamwambia, "Pole mama, nimekusumbua," akatoka akasikiliza misa dirishani. Hata darasa la watu wazima alisomea dirishani, ubao akiuona nusu.

Niambie kama amerudi. Nampa barua hii Muhidin, dereva wa lori la Mzee Halfani.

Mkeo,
Luciana


Sumbawanga,
17 Juni 1975

Mama Emerensiana,

Barua yako imefika. Huku kazi ni nyingi. Tangu tuwe mkoa kila siku inaanzishwa ofisi mpya na sisi waashi hatupumziki. Mikono yangu imepasuka kwa saruji na baridi.

Habari ya baba isikusumbue. Nimepata salamu kutoka Wampembe, amefika salama, anaota jua, anakula samaki wabichi, na kifua kimelegea kidogo. Kwa hiyo anayekohoa hapo si yeye. Kikohozi kinafanana. Huu ni msimu wake, nusu ya kijiji inakohoa. Labda ni mzee mwingine anayepita kwenda shambani, anakunywa maji na kuacha ulezi kama shukrani.

Ila nakuomba, usitoke tena na mtoto kwenye ukungu. Na kibuyu hicho usikitumie, kitupe. Usiitikie kikohozi cha mtu usiyemwona. Hodi ina maneno yake, asiyesema neno mwache apite.

Nimemtumia mtoto fulana ya sufu, nimeinunua dukani kwa Bi. Adija.

Mumeo,
Wilibrodi


Tupendane,
25 Juni 1975

Mume wangu,

Fulana inamtosha. Asante.

Kibuyu sikukitupa, nilikiosha kwa maji ya moto na majivu. Usinikasirikie. Ni kibuyu cha baba.

Ulisema ni mzee anayepita. Nimewauliza wazee wote wa mstari wetu wa nyumba, hakuna. Na mambo yamebadilika. Baada ya ile Alhamisi kulikuwa kimya, Ijumaa kimya, nikasema basi, yamekwisha. Jumamosi kikaanza tena, na tangu hapo hakijakosa hata siku moja. Kila alfajiri, kona ile ile, viwili vifupi na kimoja kirefu. Lakini maji sasa hayanywewi. Naweka kibuyu, nakikuta kimejaa vile vile, juu yake umande. Ulezi hakuna. Mbwa wa Dominika hawatikisi mkia. Kikisikika wanaingia chini ya ghala na hawatoki mpaka jua liwake.

Nilimwaga majivu pale konani nione nyayo. Asubuhi majivu yalikuwa laini kama nilivyoyaacha, na kikohozi nilikisikia kwa masikio yangu nikiwa nimesimama nyuma ya mlango.

Si mimi peke yangu. Dominika amesikia. Balozi wetu Flavian amesikia, akaja mchana akanikalisha. Akaniuliza, "Mkwe wako yuko wapi?"

Nikamjibu, "Yuko Wampembe, mume wangu amepata habari zake."

Akasema, "Habari au barua?"

Nikamwambia, "Salamu."

Akatikisa kichwa. Akasema watu wanamjia wanalalamika, wanataka nyumba yetu ihamishiwe mwisho wa mstari. Wengine wanasema tulifanya vibaya kuacha makaburi kule Milundi siku ya operesheni ya vijiji, walipoezua mapaa yetu tukabebwa na matrekta. Mama yako Zita amebaki kule peke yake, nyasi zimemfunika. Flavian ni mtu wa chama, hapendi kusema mambo hayo, lakini aliposimama kuondoka hakupitia konani. Alizunguka nyumba upande wa pili.

Sasa kikisikika kijiji kizima kinanyamaza. Wanawake wanaacha kutwanga. Hata mwenye kikohozi chake cha kweli anajizuia mpaka machozi yanamtoka, asije akadhaniwa ndiye anaitikia.

Jana mtoto alicheka alipokisikia.

Wilibrodi, nani alikupa salamu hizo za Wampembe?

Mkeo,
Luciana


Sumbawanga,
2 Julai 1975

Mama Emerensiana,

Soma barua hii ukiwa peke yako.

Salamu za Wampembe nilizitunga. Hakuna aliyeniletea. Niliona unaogopa, nikataka utulie, na mimi mwenyewe nitulie.

Juzi wauza samaki wakavu wameniletea barua ya shangazi Margareth. Anauliza habari za kaka yake, na kwa nini hatumpeleki ziwani kama tulivyoahidi. Hajamwona. Nilikimbia mpaka gereji ya Mzee Halfani, nikamkuta Muhidin yuko chini ya gari. Nikamuuliza alimshusha wapi baba yangu. Akatoka, akajifuta mikono, akaniambia, "Mzee wako alishuka kwenye daraja la kwanza tu, hata Chala ilikuwa bado inaonekana. Alinishukuru sana, akasema amesahau kitu. Mimi nilijua umeambiwa."

Siku ya thelathini na nne leo, Luciana. Mzee mgonjwa, blanketi moja, baridi hii.

Kuna jambo jingine sikukuambia. Siku ya ubatizo, watu walipokuwa wanakula, nilimwona baba ameinama juu ya mtoto. Hakumgusa. Alikuwa ameziba mdomo kwa shuka anamtazama tu. Nikamvuta nje mbele ya wageni. Nikamwambia, "Baba, unataka kumuua mtoto wangu? Usikanyage uwanja huu mpaka aote meno." Mimi, mwanawe, nikasema hivyo. Akaniambia, "Umesema vema. Sitakanyaga mpaka aote meno." Kesho yake nikampeleka Chala. Njiani alitembea nyuma yangu, upande upepo unakoelekea, na kila nilipogeuka alisimama.

Nilikuwa naogopa. Mtoto mkubwa wa Dominika alikufa kwa kifua mwezi wa tatu, unajua. Bado naona nilikuwa na haki ya kuogopa. Ila sikuwa na haki ya kusema vile.

Sasa nakuomba. Kama hakufika Wampembe na hajaonekana na mtu kwa siku zote hizi, mimi sijui kinachokohoa kwenye kona yetu ni nini, na sitaki ukijue. Funga mlango. Usitoke. Fundi mkuu ameniruhusu Ijumaa ijayo, nitakuja.

Wilibrodi


Tupendane,
9 Julai 1975

Mume wangu,

Nimempata. Yuko hai. Anza na hilo ndipo usome mengine.

Barua yako niliipata jana mchana. Niliisoma nikakaa. Nikajiambia, kama yuko hai anaumwa mahali, na kama amekufa kuna kitu anataka, na kwa vyovyote vile mimi ni mkwe wake. Jioni nikamwambia Dominika, "Kesho alfajiri nikuachie mtoto, umnyonyeshe pamoja na wako." Nilifikiri atakataa. Akanitazama akasema, "Yule mzee aliniambia pole mimi niliyemkung'utia kitenge. Mlete."

Leo alfajiri kilipokohoa nilikuwa tayari nje. Ukungu mzito kama maziwa. Nikasema, "Shikamoo baba. Tangulia, nakufuata." Kikakohoa tena, mbali kidogo, kwenye njia ya zamani ya Milundi.

Nikafuata. Sikukaribia, maana mkwe hamkanyagi mkwe wake kisigino. Nikisimama, na chenyewe kinasimama. Nikipotea kwenye nyasi kinakohoa kunionyesha njia iliko. Pale kijitoni niliingia maji mpaka magotini, maji yanauma kama moto, na nikiwa katikati nikakisikia kimeshavuka ng'ambo, lakini sikusikia maji yakikanyagwa. Nilitamani kurudi. Nilipogeuka nyuma ukungu ulikuwa ule ule mbele na nyuma, nikaona afadhali niende.

Milundi hutaijua. Kuta zimesimama bila mapaa, magugu yanatoka madirishani. Nilipita nyumba ya Flavian, nikapita kanisa la udongo. Kikohozi kikaja mlangoni mwa nyumba ya baba, karibu sana, ningenyoosha mkono ningemgusa mtu. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Na sauti ya baba kutoka ndani ikasema, "Karibu."

Nikaingia.

Amelala kwenye pembe ya chumba, amejiezekea nyasi juu kidogo. Amebaki mifupa na macho. Alikuwa anakula ulezi wa kwenye kile kihenge kidogo tulichokiacha siku ya operesheni, anautafuna mbichi. Kwenye ukuta ameandika kwa mkaa jina la mtoto, EMERENSIANA, mara nyingi, mengine yamekosewa na kufutwa.

Nikapiga magoti. Akaniambia, "Baki hapo hapo mlangoni, mkwe wangu. Upepo unatoka kwangu."

Nikasema, "Baba, tumekutafuta."

Akasema, "Mnaendeleaje? Mna afya nyote? Hukohoi wewe?"

"Sikohoi baba. Wote wazima."

"Mtoto ameota meno?"

"Bado."

Akafumba macho. "Basi sijavunja neno."

Wilibrodi, nililia. Nikamwambia neno hilo limekwisha, mwanao mwenyewe amelifuta, yuko njiani. Uwongo, lakini wewe ulianza.

Kitu kimoja sikukielewa. Khanga yangu ilikuwa inachuruzika ukungu, nywele zimelowa. Blanketi la baba lilikuwa kavu. Miguu yake ilikuwa mikavu, ina vumbi. Sikumuuliza, alikuwa amechoka kusema.

Flavian ametuma watu wenye machela. Wapo waliokataa, na wapo waliokuja. Njoo Chala haraka.

Luciana


Sumbawanga,
20 Julai 1975

Mama Emerensiana,

Samahani kwa kuondoka bila kukaa nyumbani hata siku moja. Ulivyotuona pale Chala ndivyo tulivyosafiri.

Nataka ujue habari za ndani ya lori. Abiria walipomwona baba anapandishwa walianza kunung'unika, mmoja akataka arudishiwe nauli. Baba akaomba nimsimamishe. Akawasalimu wote, akasema, "Ndugu zangu, mimi nina kikohozi cha muda mrefu, nimekificha na sasa sikifichi. Nitakaa mwisho kabisa, nitatazama nyuma, upepo utakichukua. Nawaomba radhi mapema, maana njiani sitaweza kuwaomba kila mara." Bi. Adija, mwenye duka, alikuwa mle akitoka Namanyere. Akavua ushungi wa pili aliokuwa amejifunika, akaupitisha mkono kwa mkono mpaka kwa baba, akasema, "Zibia huo, mzee, ni wako, usinirudishie."

Nikakaa naye nyuma, miguu inaning'inia. Vumbi lote la Ufipa limeingia masikioni mwetu. Karibu na mjini nikamwambia, "Baba, nilikosa." Akasema, "Ulikosa sauti tu. Maneno yalikuwa ya kweli." Halafu akakohoa mpaka nikamshika asianguke.

Ni kifua kikuu. Daktari anasema dawa zipo, sindano kila siku kwa miezi, halafu vidonge mwaka mzima na zaidi, na anaweza kupona. Wewe na mtoto mje mpimwe. Na wale waliombeba machela, na Dominika. Muhidin atawaleta bure, Mzee Halfani amekubali.

Je, konani kimya?

Mumeo,
Wilibrodi


Tupendane,
24 Agosti 1975

Baba,

Shikamoo. Wilibrodi ameniambia unasoma sasa bila kufuata kwa kidole, ndiyo maana nakuandikia wewe mwenyewe kwa herufi kubwa.

Tuliporudi kutoka kupimwa mtoto alilala njia nzima. Tumeambiwa sote hatuna ugonjwa, Mungu ashukuriwe. Dominika anakusalimu sana. Nyumba yetu haitahamishwa. Siku moja twende wote tukapalilie kaburi la mama, Flavian amesema atatupa ruhusa na jembe.

Tangu siku ile niliyokukuta Milundi, konani ni kimya. Wanawake wanatwanga alfajiri kama zamani.

Baba, naomba uniondolee jambo moja moyoni. Uliwezaje? Ulikuwa mgonjwa vile, na bado kila alfajiri ulitembea saa mbili kuja na saa mbili kurudi. Na siku ile nilipokufuata, ulinitangulia mpaka nikachoka mimi kijana. Wilibrodi haniambii kitu nikimuuliza. Anasema nikuulize wewe.

Mkwe wako,
Luciana


Wodini, Sumbawanga.
7 Septemba 1975

Mkwe wangu Luciana,

Marahaba. Naandika mimi mwenyewe. Mkono ni mzito. Usicheke herufi.

Ninapata nafuu. Nimeongezeka kilo nne. Hapa wodini tunakohoa wote, hakuna wa kumkimbia mwenzake. Tuna adabu zetu. Mmoja akianza, wengine tunangoja amalize.

Umeniuliza, nakujibu kweli.

Mimi nilikuja mara tatu tu. Jumapili, Jumanne, Alhamisi. Nilitaka kusikia mtoto akilia. Nilisimama nje ya uwanja, sikukanyaga. Maji nilikunywa, asante. Ulezi nilileta.

Alhamisi nikirudi, miguu ilikataa. Nilitambaa kutoka kijitoni. Nilipofika Milundi nililala pale uliponikuta. Sikuinuka tena. Maji nilikuwa nakinga umande wa kwenye nyasi. Nilihesabu siku kwa mkaa. Zilikuwa ishirini na saba.

Kwa hiyo siku hizo zote si mimi.

Siku ile uliyokuja, kulipokucha nilikuwa nangoja kufa. Nikasikia mtu anakohoa nje ya mlango. Kwa adabu kabisa, kama mtu anayengoja mwenye nyumba ajitengeneze. Nikafurahi. Nikasema, bado kuna mtu anayenipigia hodi. Nikajifunika blanketi vizuri, nikasema karibu.

Ukaingia wewe.

Nilifikiri ni wewe uliyekohoa. Nikaogopa nimekuambukiza. Ndiyo maana nilikuuliza kama unakohoa. Ukasema hukohoi.

Mimi baba mkwe wako,
ZENON

Busu mtoto. Nikirudi nitakohoa nikiwa mbali.